Kinamasi hakipimwi namna hiyo

Mhariri,

Miaka mingi nimesoma gazeti lenu nikinyamaza. Ila ile ripoti ya kinamasi, kwamba wapimaji walikuta nyuki na nyigu wachache, sisimizi karibu hakuna, kwa hiyo kinamasi kikatwe viwanja, imenishinda.

Vikombe vya mtego walivifukia ardhini. Kwenye kinamasi! Usiku maji hupanda, kikombe huibuka, asubuhi ni matope matupu. Sisimizi wa huko wanaishi ndani ya mabua makavu, kwenye mashina ya nyasi yaliyoinuka na mitini. Vunja bua juu ya sinia jeupe. Pigapiga matawi juu ya kitambaa. Bandika asali na samaki wa kopo kwenye shina, urudi mapema, maana ukichelewa aina moja yenye ubabe itakuwa imeshawafukuza wenzake nawe utaandika hiyo moja.

Mabeseni ya rangi nayo waliyaweka chini, mafunjo yakimzidi mtu kimo. Nyuki angeyaonea wapi? Beseni huinuliwa juu ya kijiti hadi usawa wa maua: ya manjano, meupe na ya bluu, yenye maji na matone machache ya sabuni isiyo na harufu ili mdudu azame. Karibu na ukingo toboa tundu, uzibe kwa wavu, la sivyo mvua itamwaga kila kitu. Hata hivyo nyuki wa asali na wale weusi wanaotoboa mbao hunaswa humo kwa nadra. Hao ni wa wavu wa mkono, jua likishapasha, maana kwa baridi yetu ya alfajiri utapunga hewa tu. Vinyigu vinavyotaga ndani ya mayai ya wadudu wengine, vingine havifiki milimita 2, vinataka hema la Malaise, yaani mtego wa wavu wenye umbo la hema unaowaongoza wadudu hadi kwenye chupa iliyo juu, chupa ikielekea kwenye mwanga.

Chupa zao za kuhifadhia wadudu nimeziona. Lebo zimeandikwa kwa biki! Alkoli imekula wino, hakuna ajuaye mdudu katoka wapi wala lini. Penseli, mhariri!



Mwandishi wenu apande soko la Kadutu anunue mabeseni 30, 10 kila rangi, na penseli moja. Awakabidhi wapimaji, warudi Aprili kwenye mvua na Julai kwenye kiangazi, kisha wadudu wapelekwe kituo cha utafiti cha Lwiro walinganishwe na mikusanyo ya kule. Wakata viwanja wangoje.

Msomaji wenu,
Bukavu