Kura kumi na moja

Mwanangu,

Dada yako kaniambia unataka kuhama chama kabla ya Ijumaa, eti kwa sababu umepitwa kura kumi na moja kwenye kura za maoni za udiwani. Wajumbe si watu, ndivyo mnavyosema nyie vijana. Haya. Nisikilize kwanza.

Julai 1995 tuliizunguka redio ya marehemu baba yako, ile ya mkulima, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. CCM walikuwa na Mkutano Mkuu Dodoma, wa kumchagua mgombea urais. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza, mbele ya Mkapa na Msuya, ila hakufika nusu, wakarudia wawili. Mkapa 686, Kikwete 639. Kura arobaini na saba! Baba yako akazima redio, akalala na njaa. Kijana wa miaka 44, Waziri wa Fedha, sura yenyewe inajinadi; tukasema basi, zamu yake ndiyo imepita hiyo. Wengine wakanong'ona kuwa ni mkono wa Mwalimu Nyerere.

Kikwete hakuhama. Mkapa akampa Mambo ya Nje, akakaa huko miaka kumi mizima. Miaka hiyo ndiyo ningependa uitazame, maana hakuna anayeiimba. Alipochukua fomu tena 2005 aliwaacha mbali Salim Ahmed Salim na Mwandosya, na Desemba nchi ikampa asilimia 80.

Usije ukasema mama anakuuzia subira. Lowassa naye aliwania mwaka uleule wa 1995, naye akangoja. Akawa Waziri Mkuu, akajiuzulu 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na 2015 CCM wakalikata jina lake Dodoma kwenye mbio za urais huku wapo walioimba kuwa wana imani naye. Akahamia Chadema, akapata kura zaidi ya milioni sita. Ikulu hakuingia. Kwa hiyo sijui saa yako ni ipi, na anayekuambia anaijua anataka hela yako ya kampeni.

Ukiyapenda ya chama kingine, hama, sitakushika shati. Ila juzi ulikuwa hujayapenda bado.

Kinachoniuma mimi ni kisima. Uliwasimamisha wale kina mama wa bondeni juani, ukawaahidi utakifuatilia kile kisima kilichokufa pampu. Jana nimekutana nao na ndoo zao kichwani, wananiuliza, "Mama, kijana bado yupo?" Nikajibu yupo. Barua ya kwenda wilayani inahitaji udiwani? Mwenyekiti wa kitongoji atakugongea muhuri hata kesho.

Njoo Jumamosi. Mabango yako yaliyobaki nimefunikia kuni, mvua imeanza, na uso wako unavuja rangi. Njoo na kalamu, karatasi ninazo.

Mama yako