Presha peke yake haipasui bomba la gesi

Mhariri,

Bomba la gesi likipasuka chini ya ardhi, habari nyingi huishia kwenye neno moja: presha. Neno hilo linaficha kosa lenyewe, ambalo aghalabu limekaa ardhini miaka mingi.

Mkazo kwenye ukuta wa bomba, yaani nguvu inayovuta chuma kwa kila kipande cha eneo, ni presha mara kipenyo, ugawe kwa unene mara mbili. Bomba la kipenyo cha milimita 600 na unene wa milimita 10, likibeba gesi yenye presha ya baa 70 (megapaskali 7), lina mkazo wa megapaskali 210. Chuma kinachostahimili 360 kinaumudu. Kutu ikila nusu ya unene kwa eneo refu, mkazo unafika 420, na presha haijapanda hata baa moja.

Hatari zaidi ni meno ya katapila. Yakikwaruza na kubonyeza bomba, chuma cha mahali hapo hukakamaa na kupata nyufa ndogo. Dereva akifukia akanyamaza, hakuna kinachovuja siku hiyo. Presha ikishuka na kupanda, nyufa zinakua. Ghislenghien, Ubelgiji, bomba lililojeruhiwa hivyo wakati wa ujenzi lilipasuka Julai 2004, likaua watu 24. Mkwaruzo usifukiwe kamwe: presha ishushwe hadi asilimia 80 ya ile ya siku ya jeraha au chini zaidi, ndipo bomba lifukuliwe na kupimwa.

Mkazo wa kuzunguka bomba ni maradufu ya ule wa urefu wake, kwa hiyo ufa hukimbia kufuata urefu. Kwenye bomba la maji presha huanguka mara moja. Gesi imebanwa, wimbi la kushuka kwa presha husafiri takriban mita 400 kwa sekunde, na chuma kisicho na ushupavu wa kutosha, yaani uwezo wa kuzuia ufa usienee, hupasuka kwa kasi inayolingana na hiyo. Ncha ya ufa inaendelea kusukumwa.

San Bruno, California, Septemba 2010, mshono uliolehemiwa nusunusu mwaka 1956 uliachia kwa takriban baa 27, chini ya kikomo kilichowekewa bomba hilo. Walikufa watu 8, na gesi ilichukua dakika 95 kufungwa.

Kwa hiyo waandishi wenu, pamoja na presha, waulize: bomba lilikaguliwa lini kwa ndani, nani alichimba hapo, na vali zilifungwa baada ya dakika ngapi?

Mhandisi wa mabomba