Majukwaa ya gemu yameongezeka, na kila moja lina kufuli lake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie jambo linalokula pesa za vijana wa Mombasa. Majukwaa ya gemu, yaani mashine za kuchezea na maduka ya mtandaoni yanayouza gemu, yazidi kuongezeka, na twaambiwa wingi huo ni heri kwa mchezaji na kwa mtengenezaji. Heri ipo, ila kila jukwaa limekuja na kufuli lake, na wauzaji wengi hawamwambii mteja.

Kufuli kubwa kwa mchezaji ni nchi ya akaunti. Huduma ya mtandaoni ya PlayStation, mashine ya gemu ya kampuni ya Sony, haina Kenya katika orodha yake, kwa hiyo watu hufungua akaunti ya Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Ukishachagua, umefungwa hapo. Kadi ya pesa ya Marekani haiingii katika akaunti ya Uingereza, na diski ya toleo la Ulaya haikubali nyongeza za gemu hiyo zilizonunuliwa kwa akaunti ya Marekani. Mei 2024 wachezaji wa Helldivers 2 waliojinunulia gemu hiyo kwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, waliambiwa lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Kelele zilipigwa na Sony ikarudi nyuma, lakini gemu ilikuwa imeshaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo.

Wenye vibanda vya gemu, kuanzia Kisauni hadi Likoni, nao waangalie kizazi cha mashine. PS5 (PlayStation 5) yenye tundu la diski husoma diski za PS4, mashine ya kizazi cha nyuma, lakini pedi ya PS4, yaani kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, haichezi gemu za PS5, kwa hiyo anayebadilisha mashine ahesabu na bei ya pedi. Katika gemu za mpira za kampuni ya EA, mwenye PS4 hakutani mtandaoni na mwenye PS5. Huyu wa PS5 hukutana na mwenye Xbox Series, mashine ya Microsoft ya kizazi hicho hicho. Waulize wenzako wanacheza na nini kabla hujatoa pesa.

Xbox Series S huvutia kwa bei, ila haina tundu la diski. Kila gemu ni ya kupakua. Gemu ya GB 100 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22, na kati ya GB 512 za toleo dogo la mashine hiyo, zinazobaki kwa gemu ni kama 364. Kwa bando la simu, usijaribu. Diski huuzwa au hubadilishwa na jirani. Gemu ya kupakua hubaki kwa akaunti, na duka likifungwa hununui tena. Nintendo ilifunga duka la mashine zake za zamani, 3DS na Wii U, Machi 2023. Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu kwa mtandao, ilizimwa Januari mwaka huo huo, ingawa wao walirudisha pesa za gemu.

Upande wa mtengenezaji, ada ndiyo nyepesi: Google Play dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka, Steam dola 100 kwa kila gemu. Mzigo uko kwingine. Akaunti binafsi mpya ya Google Play hudai wajaribu 12 waliojiunga kuijaribu gemu kwa siku 14 mfululizo. Wengi hukwama hapa: mmoja akijitoa siku ya kumi, hesabu yavunjika. Tafuta watu 20, na kila mmoja ajiunge kwa barua pepe ile ile iliyo kwenye simu yake.

Halafu kodi. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Gemu ya dola 10 ikinunuliwa na Mmarekani kwa Steam, duka huchukua asilimia 30, zabaki dola 7. Kisha kodi ya Marekani ya asilimia 30 hukatwa hapo, na wewe wapata dola 4.90.

Kila jukwaa unaloongeza ni vitufe vipya, skrini nyingine, na ukaguzi mwingine. Steam waweka marekebisho leo na yatoka leo. Kwa Apple na mashine za sebuleni, kama PlayStation na Xbox, lazima yakaguliwe kwanza. Basi toleo la huku lapishana na la kule, wachezaji hawaonani mtandaoni, na lawama zote ni zako. Anayeanza aweke gemu itch.io, duka la mtandaoni la gemu, ambako hakuna ada na fungu la duka wajipangia mwenyewe, kisha achague Play au Steam, moja tu. Mashine za sebuleni zingoje hadi wanunuzi wapatikane.

Nawaomba wauzaji wa Mwembe Tayari na kwingineko mjini: andikeni kwenye risiti toleo la diski, nchi ya akaunti iliyofunguliwa na kizazi cha mashine. Ni mistari mitatu tu.

Mtengenezaji wa gemu,
Tudor, Mombasa