Barua ya malalamiko: mmenizuia kumuomba urafiki mdogo wangu wa tumbo moja

Ujiji, Kigoma.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: KUZUIWA KUTUMA MAOMBI YA URAFIKI NA KUAMBIWA NASUMBUA WATU

Ndugu Meneja,

Natumaini mko salama huko mliko na kazi zinaenda. Mimi siko salama sana manake mpaka ninavyoandika barua hii akaunti yangu ya ile mashine yenu ya kuchezea gemu kwenye TV bado imefungwa upande wa marafiki, na yule roboti wenu wa huduma kwa wateja kila nikimfungua ananisalimia upya, ananiuliza "tukusaidie nini leo", utafikiri jana hatukuchati mpaka simu ikazima chaji.

Sheria zenu mnazijua wenyewe, mmeziandika nyie, sina haja ya kuwaeleza ombi la urafiki linatumwaje wala linakubaliwaje. Nasema tu kilichonikuta.

Idd pili tulikuwa tumejaa sebuleni kwa mama. Shemeji zangu, watoto wa jirani, mjomba katoka Kasulu, TV tumeigeuzia mlangoni ili na walioko barazani waone. Mdogo wangu yuko Tabora, kazi ilimbana hakuweza kupanda treni kuja sikukuu, tukasema basi tucheze naye kwa mtandao, mechi ya gemu la mpira, Ujiji na Tabora, mama akae aangalie wanawe wanavyotaniana. Natuma ombi la urafiki ili tucheze, haliendi. Natuma tena. Mara skrini nzima ikageuka nyeusi, maandishi meupe makubwa yanasomeka mpaka nje, na mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu hakuna anachopenda kama kuonyesha Kiingereza chake, akasimama katikati ya watu akasoma kwa sauti halafu akatafsiri, kwamba uwezo wangu wa kutuma maombi ya urafiki umesitishwa kwa sababu ya tabia ya kuwasumbua watu nisiowafahamu.

Kimya. Mama akaweka kikombe chini akaniangalia, akaniuliza, "Umemsumbua nani?"

Nijibu nini ndugu meneja? Nauliza kwa heshima kabisa, nyie mngejibu nini?

Mtu niliyekuwa namuombea urafiki ni mdogo wangu wa tumbo moja, ananifuata kuzaliwa. Kazaliwa pale hospitali ya Maweni mimi nimekaa nje kwenye benchi na bibi. Leo kampuni inaniambia simfahamu. Na cha kuchekesha, ila mimi sicheki, hiyo hiyo mashine yenu nikibonyeza "cheza mtandaoni" hainiulizi chochote, inanitafutia mpinzani yeyote dunia nzima, Mreno, Mturuki, mtoto wa Saudi Arabia anayenitukana kwenye maiki kwa lugha nisiyoijua, hao wote mnaniletea wenyewe bila ombi na bila uthibitisho. Mgeni mnanipa bure, ndugu yangu mnaninyima.

Sasa kwenye hiyo chati. Wakala wenu, sijui mtu sijui mashine, alijitambulisha kwa jina la kwanza tu, akaniambia kwanza niangalie intaneti yangu. Bwana, Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika huku Afrika Mashariki nchi nzima tulihangaika, hapo mngeniambia niangalie intaneti ningenyamaza. Siku hii bando lilikuwepo, umeme ulikuwepo, na video ya mdogo wangu kwenye simu ilikuwa inaonekana mpaka kidevu chake hajanyoa. Tunaongea naye kwa simu huku mashine inasema hapatikani! Nikamjibu wakala hivyo. Akaniuliza, eti, "Je, una uhakika unamfahamu mtu huyu?"

Hilo swali limenikaa hapa.

Nikamuandikia namfahamu tangu anazaliwa. Akasema nithibitishe kwa kitambulisho. Sawa, nikatoa cha NIDA, namba zake 20 mnaweza kuzihesabu, kiboksi chenu kikagoma kupokea kabla sijafika mwisho. Nikamwambia kiboksi hakitoshi. Akanibandikia maelezo ya namna ya kujaza kiboksi. Halafu akaja na jipya, kwamba mfumo umeona akaunti ya Afrika Kusini inaingia kutokea Tanzania na hiyo ni dalili ya kutiliwa shaka.

Ya Afrika Kusini! Hivi mnajua kwa nini akaunti yangu ni ya Afrika Kusini? Kwa sababu siku naifungua orodha yenu ya nchi nilivyoishusha ilifika Taiwan ikarukia Thailand. Tanzania haipo. Nchi ina watu zaidi ya milioni 60, kwenye orodha yenu hatupo, na bila kuchagua nchi fomu haiendi mbele. Wote huku ndio tunavyofanya, mwingine anajiandika yuko Marekani, mwingine Uingereza, hata aliyeniuzia mashine aliniambia "chagua Afrika Kusini kaka, haina shida". Kadi ya kulipia mlipokea. Ada ya mwaka mzima ya kucheza mtandaoni mlikata siku ile ile, wala mfumo haukutilia shaka pesa ya Kigoma. Umekuja kutilia shaka urafiki.

Na haikuanzia Idd hii habari. Ilianza mfungo bado haujaisha, tunajaribu mapema ili siku ya siku tusiaibike (tukaaibika vile vile). Jina la mdogo wangu kwenye mtandao wenu lina i kubwa na l ndogo zimefuatana, na kwenye maandishi mliyochagua nyie hizo herufi mbili zinafanana kama mapacha, huwezi kujua ipi ni ipi. Ananitajia kwa simu, mimi nabonyeza kwa pedi ya kuchezea herufi moja moja, kishale kinaruka, nakipata, natuma. Ombi likaenda kwa mtu mwingine kabisa. Na huyo mtu akalikubali! Yumo kwenye orodha yangu mpaka leo, simjui, hanijui, usiku wa manane naletewa taarifa kuwa rafiki yako ameingia mtandaoni. Sasa nani kati yetu anaunganisha watu wasiofahamiana?

Tukagundua tena upande wake akaunti ilikuja imewekwa ipokee maombi kutoka kwa marafiki wa marafiki tu. Yeye hakuweka, ilikuja hivyo. Sasa mtu ambaye hana rafiki hata mmoja atapataje rafiki wa rafiki? Akaibadilisha kwa simu. Ikakubali. Ombi likagoma vile vile.

Kuna kijana fundi wa mitandao pale Mwanga, hapa hapa Kigoma, nilimpelekea picha ya ile skrini, yeye ndiye aliyenieleza kitu ambacho nyie mngenieleza, na nyie mnalipwa. Anasema anwani za intaneti za mfumo wa zamani ziko kama bilioni 4 na kidogo tu, ghala kuu la dunia lilimaliza kuzigawa tangu 2011, kwa hiyo makampuni ya simu huwa yanapanga wateja kibao nyuma ya anwani moja. Ukitumia intaneti ya laini ya simu kama sisi, mashine yenu huko haimuoni mtu wa Ujiji, inaona anwani moja inatuma maombi, kumbe nyuma yake wapo wa Ujiji, wa Gungu, wa Kibirizi, kila mmoja na shughuli zake. Basi ikiona maombi yameongezeka kidogo sikukuu inahisi ni roboti la matangazo. Anasema hata ile alama ya "NAT kali", yaani huko kuchangia anwani kunakobana mawasiliano, inayonikatalia kuongea na wenzangu kwenye maiki chanzo chake ni hicho hicho. Hakuwa na hakika kama ndicho kilichonifunga mimi, ila alisema akiwa yeye ndio wa huduma kwa wateja angeanzia kuangalia hapo. Wakala wenu hakuanzia hapo wala hakumalizia hapo.

Narudi pale sebuleni manake naona sijalieleza vizuri. Baada ya mama kuuliza, mimi nikacheka kidogo kusudi lipite, nikasema ni mashine tu imekosea. Mjomba akasema, mashine haiwezi kusema kitu bila sababu. Ndio watu wazima wetu, kilichoandikwa wanakiamini. Na yule mtoto wa dada, Mungu amsamehe, akarudia kusoma, safari hii polepole, tabia, ya kuwasumbua, watu, usiowafahamu. Shemeji yangu mmoja akatazama chini. Jirani akawaita watoto wake twendeni nyumbani. Mama akachukua simu yangu iliyokuwa bado iko hewani na mdogo wangu, akamuuliza mbele yangu, "Kwani kaka yako kakufanya nini?" Mtoto wa watu Tabora huko amekaa na pedi mkononi anasubiri mechi, anabaki "hajanifanya kitu mama, ni gemu, ni gemu". Mama hajaamini. Mimi ni mtu mzima nina watoto, nimekaa mbele ya mama yangu kwenye sikukuu najitetea kwamba sijamsumbua mtu, na ushahidi dhidi yangu uko kwenye TV inchi 43 umeandikwa na nyie.

Wakati huo huo, mkono wa pili nachati na wakala kwa simu nyingine. Nikaandika aya ndefu, nimejikaza, bila tusi hata moja, naeleza huyu ni ndugu yangu naomba wafungue hata kwa saa moja tucheze watu wapo wanasubiri. Akajibu kwamba suluhisho ni kufungua akaunti mpya. Mpya! Na magemu niliyonunua humu, na ngazi nilizopanda, na ada ya mwaka? Akasema haviwezi kuhamishwa. Nikaanza kuandika kumuuliza hivyo ndivyo mnavyofanya kwa wateja wote au ni wa huku tu, sijamaliza, chati ikafungwa. Ikaja: asante kwa kutuchagua, tunafurahi tumekusaidia, tupatie nyota.

Nyota ndugu meneja.

Kutoka hapa mpaka Tabora ni kilomita zaidi ya 400 za reli, Uvinza, Kaliua, Urambo, treni inalala njiani. Hiyo ndiyo sababu mtu ananunua mashine yenu, vinginevyo ya kuchezea peke yangu nilikuwa nayo ya zamani na haikuwa inanitukana.

Basi ninachoomba ni hiki. Naomba mfungue uwezo wangu wa kutuma maombi, na ombi la mdogo wangu lipite. Naomba pia mtu, nasema mtu, anieleze kwa maandishi ni kitendo gani nilichofanya kikaitwa kusumbua. Na kwa kuwa tangu siku ile huduma niliyolipia siipati, nataka sehemu ya ada irudi, na sio irudi kama salio la dukani kwenu ambalo nitalitumia kununua vitu vyenu, irudi pesa. Na bando. Nimemaliza bando kuchati na roboti.

Tena nikifikiria naona ada yote irudi, manake hata kabla ya Idd kitu nilichokilipia ni kucheza na ndugu na sijawahi kucheza naye hata dakika. Na Tanzania iwekwe kwenye ile orodha, kati ya Taiwan na Thailand, nafasi ipo. Na barua ya kuomba radhi iandikwe kwa mama yangu, siyo kwangu, aliyeuliza swali ni yeye.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu naenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inamlinda mlaji na kuuza huduma kwa maelezo ya kupotosha, na kwenye boksi lenu mmechora watu wanacheza pamoja wanacheka. Halafu naenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kuhoji uamuzi uliotolewa na mashine peke yake bila binadamu kuangalia, na huu wenu kama kuna binadamu aliuangalia basi mleteni aje Ujiji amueleze mama. Picha za chati nzima ninazo, na ile ya nyota ninayo. Magrupu ya wacheza gemu Kigoma, Tabora mpaka Mwanza nimo na wananijua, nilikuwa nawashauri wanunue ya kwenu. Bado sijawaandikia. Nawasubiri nyie kwanza kwa sababu nimelelewa kusikiliza upande wa pili, lakini siku ya 15 asubuhi nabandika kila kitu, na mashine naiuza Mwanga sokoni na bei nitaandika pamoja na sababu ya kuuza.

Nasubiri jibu.

Ni mimi mteja wenu, kwa sasa,
Ujiji.

NB: Hiyo barua ya mama iwe ya Kiswahili. Ikija kwa Kiingereza atasomewa na mjukuu wake yule yule.