Kwenye hip-hop ya Injili, maneno ndiyo mahubiri: tusaidieni tuyasikie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niwafikie waandaaji wa matamasha ya hip-hop ya Injili, mafundi mitambo wao, na wale wachungaji ambao hawajawahi kukanyaga kwenye tamasha la namna hiyo.

Jumamosi iliyopita nilihudhuria moja ndani ya ukumbi mkongwe wa katikati ya jiji. Nilifuatana na kijana wangu wa miaka 16 na shangazi yangu, ambaye amefundisha kwaya ya kanisa tangu mimi sijazaliwa. Kijana alitoka amelowa jasho, sauti imemkauka kwa kuitikia. Shangazi alitoka kimya. Tulipofika kwenye ngazi za nje alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, yule kijana alikuwa anasema nini?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Shangazi hakusema kwamba muziki ule ni wa kidunia, wala hakulalamikia kofia na suruali za vijana wale. Alikuwa amekaa roshani zaidi ya saa mbili, ameinama mbele, kiganja kimekinga sikio, akitafuta neno. Alichopata ni ngurumo, na jina la Yesu mara tatu au nne. Mwalimu wa kwaya anayewakatiza waimbaji wake kwa sababu ya silabi moja iliyomezwa hawezi kuridhika na hilo, na mimi naona ana haki.

Kosa si la rapa, wala si la masikio ya mtu mzima. Kumbi kama ule zilijengwa kabla ya vipaza sauti. Mjenzi alitaka sauti ya mtu mmoja aliyesimama jukwaani ifike hadi kiti cha mwisho, ndiyo maana kuta ni za plasta ngumu na dari imepaa juu. Kwaya ikiimba humo utasikia raha mwilini, kwa sababu kila noti inabaki hewani kidogo na kushikana na inayofuata. Lakini kufoka, yaani kurapu, si kuimba. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 25 kutoka jukwaani, mwangwi utamrudia rapa baada ya karibu sehemu moja ya saba ya sekunde. Anayeshusha silabi nane kwa sekunde atakuwa ameshaanza nyingine, na ile ya kwanza inaigonga. Ukuta wa pembeni unaleta mwangwi wake, na dari wake. Msikilizaji aliyeko roshani anapokea maneno matatu yaliyopandana.

Besi inamaliza kabisa kilichobaki. Miili na nguo za watu hunyonya vizuri sauti kali, zile zinazobeba s, t na k, lakini besi hupita kana kwamba ukumbi ni mtupu. Kwa hiyo fundi akipima mitambo yake mchana viti vikiwa havina watu, kisha jioni watu wakajaa, mizani yake yote imebadilika. Usiku ule fundi alikaa chini, katikati, mbele ya spika. Sikumwona akipanda roshani hata mara moja.

Tatizo lenyewe si geni. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimtwisha mwanafizikia Wallace Sabine kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao wanafunzi hawakuweza kusikia mhadhara. Alikuta neno likitamkwa humo linachukua zaidi ya sekunde 5 kufa. Akaazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anaiingiza na kuipima, usiku baada ya usiku, hadi akaelewa kila kitambaa kinanyonya sauti kiasi gani. Mito ya viti! Basi hata leo mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma yangefanya kazi kubwa, na spika zikielekezwa kwa watu badala ya kuelekezwa kwenye kuta zingefanya kubwa zaidi.

Nina ushahidi kwamba inawezekana, kwa sababu kwa dakika kama tatu usiku uleule tulisikia kila kitu. Karibu na mwisho rapa alimpungia mkono DJ, biti ikakatwa. Taa moja tu ikabaki. Akasogeza kipaza sauti karibu na kidevu, akapunguza mwendo, akaanza kueleza kuhusu asubuhi aliyopigiwa simu kwamba mdogo wake amefariki, na jinsi alivyoifungua Zaburi ya 13 asiweze kuvuka maneno mawili ya kwanza ya swali lile: "Hata lini?" Akayarudia. Akaeleza viatu vya marehemu vilivyobaki mlangoni, kamba bado zimefungwa, maana alikuwa na tabia ya kuvivua bila kuzifungua. Watu wote kimya. Mbao za sakafu zilisikika zikilia chini ya mguu wake alipohamisha uzito. Nilimtazama shangazi: kiganja kilikuwa kimeshuka kutoka sikioni, kimelala mapajani.

Kisha biti ikarudi, na kiganja kikapanda tena.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu naupenda muziki huu na najua ulikotoka. Umeanza kusikika kwenye kaseti tangu miaka ya themanini. Ile ya rapa Stephen Wiley ilitoka mwaka 1985, wakati makanisa mengi yaliona kufoka hakuna nafasi madhabahuni. Mwaka 2013 rapa wa Marekani, Lecrae, alipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya Injili, na mwaka uliofuata albamu yake iliyofuata ikashika nafasi ya kwanza kwenye chati kuu ya Billboard. Vijana wanaovaa namba 116 kifuani wanaitoa Warumi 1:16, "siionei haya Injili". Haya ni mahubiri. Mtu anayeandika mistari mingi kiasi kile, akapanga vina na maandiko ndani yake, hakukusudia tutikise vichwa tu.

Na wale wanaosema kumbi za zamani si mahali pa muziki huu, nawakumbusha jumba la Ryman Auditorium kule Nashville, Marekani. Thomas Ryman alikuwa na meli za mtoni. Alibadilishwa na mahubiri ya Sam Jones mwaka 1885, akajenga jumba ili watu wengi wasikie neno kwa pamoja, likafunguliwa mwaka 1892. Baadaye likawa jumba maarufu la muziki, na hadi leo wasikilizaji hukaa kwenye mabenchi ya kanisa. Jumba la mahubiri likawa la muziki, sioni kwa nini la muziki lisipokee mahubiri.

Ombi langu kwa waandaaji, basi, ni hili. Mlipeni fundi apande roshani. Apande mchana, na apande tena watu wakishajaa, akae kwenye kiti cha mwisho asikilize ubeti mzima. Asipouelewa, ashuke apunguze besi. Najua vijana wataka kifua kitikisike, na wangu ni mmoja wao, lakini hata yeye aliniambia kwamba mistari anaijua kwa sababu alishaisikiliza nyumbani kwa vipokea sauti. Asiyewahi kuisikia angeipatia wapi? Na kama kanisani tunaonyeshwa tenzi ukutani, nanyi onyesheni mashairi. Kuta zile pana zimekaa bure.

Kwa wachungaji nina neno moja. Msiuhukumu muziki huu mkiwa nje ya mlango, mahali ambapo besi pekee ndiyo inayofika. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kanisani ni heri maneno matano yanayoeleweka kuliko maneno elfu kumi yasiyoeleweka. Hilo linamgusa rapa, linamgusa fundi wake, na linatugusa sisi wa kwaya pia, maana kuna ibada nimetoka sijaambulia hata shairi moja la wimbo tulioimbiwa.

Usiku ule tulipofika nyumbani, kijana alikaa mezani na daftari akamwandikia bibi yake ule ubeti wa Zaburi ya 13, pamoja na wimbo mwingine mmoja, kwa herufi kubwa. Shangazi ameibandika karatasi ndani ya kitabu chake cha tenzi. Jumapili alinionyesha mahali ambapo rapa amelaza vina vitatu ndani ya mstari mmoja, akasema kwamba kwaya yake isingeweza kuumudu bila mwezi mzima wa mazoezi. Ameuliza tamasha lijalo ni lini. Tutakata tiketi za roshani, safu ya mwisho.

Wako,
Mzazi na mwanakwaya