Barua kwa Ami: Atakayeomba Pesa kwa Jina Langu

Muscat, Oman

Kwa mpendwa Ami,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakufikia wewe na jamaa wote wa Langoni, Lamu, mkiwa na afya njema. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Nimeona nikuandikie kwa urefu badala ya kutuma ujumbe wa sauti, kwa kuwa ningependa isomwe mbele ya watu wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na mwenye swali apate kuuliza.

Habari ya Khalati kutapeliwa pesa kwa jina langu imenihuzunisha mno. Nilimwomba anitumie picha za mazungumzo yale, nami nimeyasoma neno kwa neno. Mtu yule alifungua akaunti ya Facebook kwa jina langu, akaweka picha yangu ya Idi, kisha akamwandikia kuwa nimewatumia mzigo wa nguo na simu, kwamba mzigo umezuiliwa forodhani Mombasa, na kwamba zinatakiwa shilingi 6,000 kabla ya saa kumi jioni, la sivyo utapigwa mnada. Khalati alipotaka kumpigia, alijibiwa kuwa maikrofoni ya simu imeharibika. Nambari ya kupokelea pesa ilikuwa na jina ambalo hakuna hata mmoja wetu anayelijua, naye akaambiwa mapema kuwa hilo ndilo jina la wakala. Yaani kila swali ambalo angeliuliza lilikwisha kuandaliwa jibu kabla hajaliuliza. Wala kazi hiyo haikuhitaji ujuzi mkubwa wa kompyuta, kwa sababu picha za harusi na za Idi ziko wazi kwa kila mtu, na pongezi zilizoandikwa chini yake zinaonyesha nani ni mama wa nani, nani ni binamu, na nani yuko Lamu.

Linaloniuma kuliko pesa ni kwamba Khalati alikaa kimya siku kadhaa kwa kuona haya, na kwamba habari ilipojulikana baadhi ya vijana walimcheka. Nakuomba kwa heshima zote uwakataze. Pesa za M-Pesa zilizotumwa kwa hadaa huweza kuzuiliwa pale tu ambapo bado zimo katika akaunti ya aliyepokea, ndiyo maana aliyetuma anapaswa kuupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 papo hapo na kuwapigia huduma kwa wateja. Zikishatolewa kwa wakala, hakuna cha kurudisha. Anayeogopa kuchekwa hunyamaza, na katika kunyamaza kwake tapeli hupata muda anaouhitaji. Nyumba yetu iwe mahali ambapo mtu anaweza kusema, "Nadhani nimetapeliwa," akasaidiwa saa ileile bila ya kulaumiwa.

Jambo la pili ni WhatsApp. Anayetaka kuiteka akaunti ya mtu huandika nambari ya simu ya mtu huyo katika simu yake mwenyewe, na hapo WhatsApp humtumia mwenye nambari ujumbe wenye tarakimu 6. Ndipo huja ombi la upole, mara nyingi kutoka kwa rafiki ambaye akaunti yake ilikwisha kutekwa: "Nimekutumia nambari kimakosa, tafadhali nirudishie." Ukiirudisha, wewe unatolewa, na yeye anabaki ndani ya kundi la ukoo akiomba mikopo kwa jina lako. Tarakimu hizo asipewe mtu yeyote, hata mimi. Kinga yake imo katika Mipangilio, sehemu ya Akaunti, panapoandikwa uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo mwenye simu huchagua PIN yake ya tarakimu 6. Asiyeiweka anaweza kuwekewa na mwizi, na hapo huenda akasubiri siku 7 kabla ya kuirudia akaunti yake.

Kwako wewe, Ami, unayepangisha vyumba kwa wageni, nahofia zaidi hadaa ya arbuni. Mtu hudai ametuma arbuni ya shilingi 25,000 badala ya 5,000, ujumbe unaofanana na wa M-Pesa unaingia, naye anakusihi umrudishie kilichozidi kwa kuwa mgonjwa wake yuko hospitalini. Ujumbe wa kweli huingia kwa jina la MPESA, chini ya jumbe zake za zamani, lakini ule wa uongo mara nyingi hutoka katika nambari ya simu ya kawaida. Hata hivyo usitegemee macho peke yake. Piga *334# utazame salio lako. Ikiwa pesa zimeingia kweli, mwambie aombe zirudishwe kupitia 456, wala usimtumie mwenyewe, maana anaweza kupokea zako na bado akadai zile za kwanza zirudishwe.

Piga pia *100*100#, ili laini yako isiweze kuhamishiwa kadi nyingine na mtu aliye mbali. Najua mtandao hupotea mara kwa mara huko, basi simu yako ikikosa mtandao, tazama kwanza simu ya jirani wa laini kama yako. Yake ikifanya kazi na yako haifanyi, nenda duka la Safaricom bila ya kuchelewa.

Mdogo wangu anayetaka kazi ya nje asilipe ada kwa tangazo la Facebook kabla ya kuhakikisha kuwa wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakenya waliookolewa Myanmar mwaka 2022, na wengine mwaka 2025, walikuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand, wakaishia kulazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni. Na anapokwenda saiba, duka la kompyuta na intaneti, kukufungulia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, asiruhusu kompyuta ihifadhi nywila, na ahakikishe ametoka katika akaunti kabla ya kuinuka.

Kuhusu mimi, naomba tukubaliane hivi. Siku hizi sauti ya mtu huigwa kwa programu kutokana na kipande kifupi alichokirekodi, kwa hiyo kusikia sauti yangu si ushahidi tena. Chagueni swali moja ambalo jibu lake halimo Facebook, mliambiane kwa mdomo, wala lisiandikwe katika kundi. Anayeomba pesa kwa jina langu aulizwe hilo, na mimi nikiulizwa sitaona vibaya hata kidogo.

Picha za yale mazungumzo zisifutwe. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa kwa sheria ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018, nami ningependa umpeleke Khalati polisi akaandikishe malalamiko.

Nitapiga Ijumaa baada ya swala, inshallah, kwa nambari yangu ileile. Simu ya Khalati iwe karibu, ili nimwelekeze kuweka ile PIN, na hilo swali mniambie wakati huo.

Wasalaam,
Mwanao