Mhariri, kombe hili la nyimbo za ujumbe lirudiwe na droo iwe ya haki

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu nyimbo za ujumbe za miaka ya themanini, manake siku hizi watu wanazishindanisha kama timu za mpira, wanapanga droo, wanapiga kura, moja inatolewa nyingine inasonga mbele mpaka fainali. Mchezo wenyewe naupenda sana, shida yangu ni vile unachezwa. Juzi tulicheza wa kwetu hapa Umoja kwa kinyozi, nyimbo 16, droo imechorwa kwa felt pen kwenye kipande cha katoni kimebandikwa kando ya kioo, simu imeunganishwa na spika, kila mechi nyimbo mbili zinapigwa halafu watu wanainua mikono. Bingwa akawa We Are the World, na mimi nasema kombe lilienda kwa mtu ambaye hakustahili.

Kwanza hiyo droo. Nyimbo nyingi zilikuwa za Uingereza na Marekani, na zile chache za Afrika zikarundikwa upande mmoja, nyingi zikamalizana zenyewe kwa zenyewe, kwa hivyo kufika nusu fainali imebaki moja tu na hiyo moja imechoka. Aliyepanga ni rafiki yangu na hakuwa na nia mbaya, alisema alifuata umaarufu, wimbo uliojulikana zaidi ndio ukapewa nafasi nzuri. Lakini jameni, kama ni umaarufu si tungeshindanisha nyimbo za mapenzi? Wimbo wa ujumbe una swali lake: ujumbe ulimfikia nani, mwimbaji alihatarisha nini, na mwenye shida alijisikia ndani yake ama aliimbwa tu akiwa hayuko?

Chukua hiyo mechi kubwa ya We Are the World na Do They Know It's Christmas?, ambayo watu walishangilia mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. Wachache pale walijua hizo nyimbo zote mbili zilianzia kwa mtu wa Nairobi. Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa hapa hapa Nairobi 1943, ndiye aliyeingia Korem kule Ethiopia wakati wa ile njaa kali na kamera yake, na taarifa aliyofanya pamoja na Michael Buerk wa BBC ikaonyeshwa tarehe 23 Oktoba 1984. Mwanamuziki Bob Geldof akaiona akiwa kwake, akampigia mwanamuziki mwenzake Midge Ure, na kufikia 25 Novemba walikuwa wameshaingia studio London na wenzao kurekodi Do They Know It's Christmas? Marekani nao wakafuata, Michael Jackson na Lionel Richie wakatunga We Are the World, Quincy Jones akasimamia, wakarekodi usiku wa 28 Januari 1985 huko Los Angeles, na ule mradi ukaleta zaidi ya dola milioni 60. Mimi sidharau hiyo pesa hata kidogo, kuna watu walikula kwa sababu yake. Lakini pale kwetu jina la Mohamed Amin halikutajwa hata mara moja mpaka mimi nilipolitaja, na mtu huyu alizaliwa mji huu na akafa 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Comoro. Kama kuna kombe la kutoa, pasi ya goli ilitoka kwake.

Sasa tukija kwa nyimbo zenyewe, ule wa Waingereza unauliza kama watu wa kule wanajua ni Krismasi, na kanisa la Ethiopia limekuwepo tangu karne ya nne, wanasherehekea Krismasi yao tarehe 7 Januari, walikuwa wanaijua hata kabla ya hao wanaouliza! Hapo mimi natoa kadi nyekundu bila kuangalia VAR. Na ule wa Marekani una kisa ambacho kila msomaji wa gazeti hili anafaa akijue. Usiku ule Stevie Wonder alitaka waweke maneno ya Kiswahili ndani ya wimbo, ubishi ukazuka studio, mwimbaji wa country Waylon Jennings akaondoka, halafu ikasemwa kwamba watu wa Ethiopia hawaongei Kiswahili, wazo likaachwa. Ni kweli hawaongei. Lakini mbona hakuna aliyesema basi tumtafute Mhabeshi mmoja aje aimbe kwa lugha yake? Wasanii wote wale wakubwa, usiku mzima, na mwenye njaa hakuwa na sauti hata ya mstari mmoja. Hilo ndilo linaloniuma, na ndio maana wimbo huo siwezi kuupa ubingwa.

Mechi za Afrika Kusini zilikuwa kundi la kifo kweli kweli. Kulikuwa na Free Nelson Mandela ya The Special AKA ya 1984, Sun City ya akina Steven Van Zandt ya 1985, Gimme Hope Jo'anna ya Eddy Grant ya 1988, Asimbonanga ya Johnny Clegg na Savuka ya 1987, na Biko ya Peter Gabriel ya 1980. Jo'anna ikawapiga wote. Naelewa, ni wimbo mtamu, hapa Nairobi umechezwa kwenye harusi na kwenye matatu miaka nenda miaka rudi na wengi hudhani anaimbiwa msichana, kumbe ni Johannesburg na serikali yake ya ubaguzi, na serikali hiyo iliupiga marufuku. Sina ugomvi nao. Lakini Asimbonanga kutolewa raundi ya kwanza ilikuwa dhuluma. Clegg aliuimba akiwa huko huko ndani Afrika Kusini, kwa Kizulu na Kiingereza, wakati hata picha ya Mandela ilikuwa hairuhusiwi kuonyeshwa, na akataja waliouawa kwa majina, Steve Biko, Victoria Mxenge, Neil Aggett. Halafu 1999 akiwa Frankfurt anaimba wimbo huo huo, Mandela mwenyewe akatokea jukwaani nyuma yake akicheza taratibu, Clegg akageuka akamwona. Mwenye hajaona hiyo video aitafute leo. Wimbo uliomlilia mtu akiwa gerezani umemfikia mwenyewe akiwa huru na anaucheza, sasa unataka goli gani tena?

Zile za vita baridi, ya Nena wa Ujerumani na ya Sting wa Uingereza, zilitoka mapema na sina neno. The Message ya Grandmaster Flash na wenzake ya 1982, inayoimba maisha magumu ya mtaani, ilifika robo fainali na hiyo ilikuwa haki yake, kijana wa Eastlands anaielewa bila kuelezwa.

Wacha nije kwa ile ambayo mimi ningeipa kombe. Franco Luambo Makiadi wa Kongo, 1987, Attention na SIDA, yaani jihadhari na ukimwi. Ilipopigwa pale kwa kinyozi vijana walianza kunung'unika ati ni ndefu, ati mzee anaongea tu haimbi, na kweli inapita dakika kumi na sehemu kubwa ni Kifaransa. Lakini kinyozi wetu ni Mkongo. Alizima mashine, akabaki nayo mkononi na mteja kwenye kiti kichwa nusu, akaanza kutueleza kipande kwa kipande: hapa anawaambia vijana, hapa anawaambia wazazi, sasa anawaambia madaktari wasiwakimbie wagonjwa, sasa ni viongozi wa dini, sasa ni serikali. Kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza, "Mzee, alikuwa anayasema haya mwaka gani?" Akamjibu 1987. Kijana akanyamaza kidogo halafu akasema mama yake mdogo alikufa na huo ugonjwa na nyumbani walikuwa wanaambiwa ni kurogwa.

Mhariri, hebu tuhesabu. Kenya mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alijulikana 1984. Serikali yetu ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999. Franco alikuwa ameshalisema wazi miaka 12 kabla, na huyu si mtu tuliyekuwa hatumsikii, Nairobi ilikuwa inacheza Lingala kila wikendi. Tulicheza gita, maneno tukayaacha. Hiyo si lawama kwa Franco, aliyefariki Oktoba 1989, ni lawama kwetu sisi wasikilizaji na kwa waliokuwa na maikrofoni ambao wangeweza kututafsiria. Kura zilipopigwa ilipata mikono mingi kuliko nilivyotarajia lakini ikashindwa na wimbo ambao kila mtu anajua kiitikio.

Na wetu je? Mzee mmoja alitaka tuingize zile nyimbo za kwaya za kusifu uongozi zilizokuwa zikipigwa VOK, redio ya taifa, asubuhi mpaka jioni, akasema nazo zilikuwa na ujumbe. Nilimpinga kwa heshima na bado nampinga. Tangu 1982 nchi ikiwa ya chama kimoja kisheria, kuimba hivyo hakukumgharimu mtu chochote. Walioimba kwa kuhatarisha ni akina Joseph Kamaru kwa Kikuyu na D.O. Misiani kwa Dholuo, ambaye alijipata mikononi mwa polisi kwa sababu ya nyimbo zake, na hao wote wawili hawakuwa kwenye katoni. Hata Remmy Ongala, ambaye mpaka leo ukifika Sinza kule Dar kuna pahali panaitwa kwa Remmy, na wimbo wake wa Mnyonge Hana Haki tunausikia kwa Kiswahili safi bila mkalimani, naye hakuitwa. Thomas Mapfumo wa Zimbabwe aliimba Corruption 1989, serikali aliyoimbia ikipigania uhuru sasa anaiambia usoni kwamba inaiba, hakuitwa. Fela Kuti wa Nigeria alitoka gerezani 1986 na 1989 akaachilia Beasts of No Nation, huyo naye aliingia akatolewa na Phil Collins. Fela kutolewa na Phil Collins!

Kwa hivyo ombi langu ni gazeti lako lichukue kombe hili lilicheze upya hapa kurasani. Nyimbo 32, na nusu zitoke Afrika. Mwaka uwe kuanzia 1980 mpaka 1989 pekee, manake kuna mtu alitaka kuingiza Zimbabwe ya Bob Marley na hiyo ni ya 1979, ingawa aliiimba uwanja wa Rufaro, Harare, siku ya uhuru wao Aprili 1980 na najua inauma kuiacha nje. Redemption Song ya 1980 iko sawa, iingie. Kila mechi ichapishwe na maelezo mafupi ya wimbo unasema nini, na kama ni Lingala, Kizulu, Kishona au Dholuo utafsiriwe kwa Kiswahili kabla watu hawajapiga kura. Mechi ya kufungua naomba iwe Attention na SIDA dhidi ya Corruption. Nyimbo za Kamaru na Misiani mimi sizijui vizuri kwa lugha zao, kwa hivyo wasomaji wa Murang'a na Siaya, na popote zinapoeleweka, tafadhali tuma jina la wimbo, mwaka wake na unasema nini, ziingie kwenye droo kabla haijafungwa.

Msomaji wako wa kila siku,
Umoja, Nairobi